Muhuri wa mupira na rangi isiyotoka: wamama wanapiga chapa juu ya nguo

Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na tarehe 10 mfuko umekwisha kukauka. Wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanajua hesabu hii kuliko sisi: unga wa bukari, makala, minervale ya watoto, kodi ya nyumba, deni la dukani. Kwa hiyo bibi wa mchimbaji hakai bure. Mmoja anauza mikate, mwingine anauza makala kwa mafungu, mwingine samaki kavu ya Kasenga. Na tangu miezi kadhaa tunaona kitu kingine kinaanikwa mbele ya milango: vitambaa vya meza, foronya, mifuko ya mkono, ngobo za kubebea mtoto, vyote vimepigwa chapa kwa mkono palepale nyumbani.

Vingine ni vizuri mpaka unasimama njiani kuvitazama. Vingine, ukivifua mara moja tu, vinafanana na kitambaa cha kupangusia motere. Tulitaka kujua nini kinatenganisha hivi na vile. Basi tulinunua mita 6 za kitambaa cheupe na rangi za namna 3, tukaomba nafasi kwa wamama watatu wa commune ya Katuba, na juma nzima tulikuwa tunachafua mikono pamoja nao.

Mkubwa wao, ambaye wote wanamwita Mama Mukubwa, si mgeni wa kazi ya nguo. Alijifunza kushona na kufuma zamani katika foyer social, pale wamama wa wafanyakazi walikuwa wanafundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Bwana wake alitoka Gécamines mwaka 2003 katika ile départ volontaire, yeye na wengine zaidi ya 10,000. Tangu siku ile nyumba inasimama juu ya mashini ya kushona.

Tulipomuuliza kwa nini anafua kila kitambaa kabla ya kukiuza, alicheka kidogo, halafu alituambia habari ya vilemba. Kwaya ya kanisa lake ilimwomba vilemba 24 kwa sikukuu, vyeupe na msalaba mwekundu. Wakatoa avanse. Yeye akanunua rangi ya unga, ile ya kupakia ukuta, akaichanganya na gundi nyeupe ya mbao, akapiga chapa siku 3. Vilitoka vizuri sana. Siku moja mbele ya sikukuu, mwimbaji mmoja akafua cha kwake.

“Alikuja nacho mu mukono, nyekundu yote ilikuwa imeingia mu nyeupe. Mi nilikaa chini. Nilimuambia: mama, bale bengine basifue kwanza! Lakini ilikuwa bure, habari ilikwisha kutembea.”

Ilibidi arudishe avanse. Makuta yalikuwa yamekwisha kununua kitambaa, kwa hiyo alikopa katika likelemba ya jirani zake, na miezi 5 alikuwa analipa. Sasa haamini rangi yoyote mpaka ameipitisha katika maji.

Tulianza na lile jambo lake. Vipande 3 vya kitambaa kimoja, muhuri mmoja, rangi 3 mbalimbali. Ile ya unga na gundi iliondoka karibu yote katika kufua mara ya pili. Gundi ya mbao inalegea katika maji, na ikilegea inaiachilia rangi. Rangi ya ukuta ya maji, ile ya kopo, haikuondoka, lakini kitambaa kilikuwa kigumu kama karatoni, na mara ya nne ilianza kupasuka pale kitambaa kinapokunjwa. Rangi ya tatu ilikuwa ya nguo hasa, ya maji, ambayo tulinunua kwa vijana wanaofanya serigrafi, wale wanaopiga chapa tisheti za wakandida wakati wa uchaguzi. Ile ilibaki laini, na ilibaki palepale. Inaomba makuta zaidi, ndiyo. Lakini usitafute mbali: katika mji wowote ambapo watu wanachapa tisheti, rangi ya namna hii iko, na kama utaongea nao vizuri watakupimia kidogo katika chupa yako.

Rangi nzuri bado haitoshi kama kitambaa kinadanganya. Sokoni watakuambia kwamba kila kitambaa ni pamba. Mama Mukubwa anachomoa uzi mmoja pembeni na anauchoma na kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha majivu laini. Nailoni na polisita zinayeyuka, zinafanya kidonge kigumu. Rangi ya nguo inapenda pamba. Tena kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, ule unaokifanya king’are dukani, na wanga ule unazuia rangi kuingia ndani. Kwa hiyo kichemshe kwanza na sabuni, kisafishe, kikauke, kipige pasi. Na kitapungua, afadhali kipungue kwako kuliko kwa klienti.

Sasa muhuri. Wengi wanaanza na kiazi cha Ulaya kilichokatwa katikati, na kweli kiazi kinafaa kwa watoto kucheza, lakini jioni kimekwisha kunyauka. Kilicho bora tulichokiona katika Katuba ni sandali ya mupira ya kuogea, ile ambayo kamba yake imekatika. Unachora alama juu yake na biki, unakata na wembe mpya, unatoa sehemu zisizohitajika kwa urefu wa nusu ya kidole kidogo, halafu unaibandika juu ya kipande cha ubao ili mkono ushike vizuri. Kumbuka tu kwamba alama itatoka kwa upande wa pili, sawa katika kioo. Mwenye kuandika jina la mtoto achore herufi kinyume.

Meza isiwe wazi. Tandika blanketi kuukuu, juu yake shuka, na juu yake kitambaa chako kimeshikwa na pini. Ule ulaini wa chini ndio unafanya rangi ishike pembe zote za muhuri. Wala usichovye muhuri katika kopo. Weka rangi kidogo juu ya sponji iliyolowanishwa na kukamuliwa, gonga muhuri pale mara mbili, tatu, halafu uweke juu ya kitambaa na ukandamize na kiganja. Mmoja wa wamama, mdogo wao, ambaye bwana wake anachimba kule Kawama, alifanya mistari 9 bila kupima na rula na yote ilikuwa sawasawa. Tulimuuliza siri yake. Alisema anakunja kitambaa mara nyingi na kupiga pasi, na ile mikunjo inamwonyesha njia.

Hapa tunaomba wasomaji wetu wachimbaji wasikilize kidogo, juu ya habari hii inawahusu kuliko wanavyofikiri. Kazi ya kupiga chapa juu ya nguo ilikua juu ya shaba. Katika kisiwa cha Java, wanapofanya batiki, mafundi walikuwa wanachora nta kwa mkono, mstari kwa mstari, majuma mengi kwa nguo moja. Katikati ya karne ya 19 walianza kutengeneza mihuri ya shaba: vipande vyembamba vya shaba vinakunjwa na kuunganishwa mpaka vinafanya ua au ndege, muhuri unachovywa katika nta ya moto, unagongwa juu ya kitambaa. Shaba inashika moto vizuri, kwa hiyo nta haigandi njiani. Mpaka leo mihuri ile inatumika kule.

Na katika Ulaya, mwaka 1783, Thomas Bell, mtu wa Scotland, alipata hati ya mashini yenye silinda ya shaba iliyochongwa alama. Nguo inapita juu yake na inatoka imechapwa, mita juu ya mita. Ndugu wa kazi zile mbili ni kikwembe tunachokiita wax hollandais. Waholandi waliiga batiki ya Java katika viwanda vyao, na nyumba ya Vlisco, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, inaendelea mpaka leo kuuza vikwembe kwa wamama wa Afrika. Kikwembe kile kinachoitwa “Mon mari est capable”, ambacho kinasumbua wanaume kila mwisho wa mwaka, kilitoka katika njia hiyo. Alama ni za Ulaya, jina ni la wamama wa sokoni.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mwanamume mmoja wa jirani, fundi wa zile sahani za shaba zilizopigwa nyundo ambazo wageni wananunua Lubumbashi, alitutengenezea muhuri wa shaba na mabaki ya kazi yake. Alikata kanda nyembamba, akazikunja, akazishikisha juu ya ubao. Ulichapa mistari myembamba kabisa, ambayo mupira hauwezi. Lakini tuseme wazi: mabaki yenye kununuliwa kwa fundi, sawa, waya wa kampuni au wa umeme, hapana. Hakuna kitambaa cha meza kinachostahili kumpeleka baba wa watoto parokie.

Siku ya tatu tulijaribu muhogo, na hapo ndipo watoto wote wa kiwanja walikuja kutazama. Wamama Wayoruba wa Nigeria wana nguo inayoitwa adire, ya buluu na nyeupe. Wanapaka uji wa muhogo juu ya kitambaa, kwa unyoya wa kuku au kwa kipande cha bati kilichotobolewa, na pale uji ulipo rangi haiingii. Unga wa muhogo sisi tunao katika kila nyumba. Tulikoroga vikombe 2 katika maji baridi, tukapika juu ya mbabula mpaka ukawa mzito kama gundi, tukaupaka juu ya kitambaa na kuchora ndani yake na kitana. Halafu jua. Uji ukikauka unakaza kitambaa, kinakunjamana, unapasuka kidogo kidogo. Ndipo tulipitisha rangi ya nguo na burosi juu ya yote, tukaacha siku moja, tukapiga pasi, tukaloweka katika maji na kukwangua. Chini yake mistari ya kitana ilikuwa imeshika buluu juu ya nyeupe, na pale uji ulipopasuka rangi ilikuwa imeingia kama mishipa. Hakuna vipande viwili vinavyofanana. Mama Mukubwa alikitazama muda mrefu, akasema: “Kile tunakula, kile tunavaa,” akakiweka upande wake wa meza, na hatukukiona tena.

Wengine wanafanya hivyo na buji. Inatoka vizuri, lakini nta ikishika moto haizimiki na maji. Usiweke nta peke yake juu ya mbabula. Weka kopo ya nta ndani ya sufuria yenye maji, na watoto wakae mbali.

Udongo mwekundu tulijaribu pia, juu ya kila mama wa hapa anajua namna udongo ule unavyokataa kutoka katika soksi za shule. Tulipepeta vizuri, tukauchanganya na maziwa ya soya, ambayo yanakazana yakikauka na kushikilia ule unga, tukapaka mara mbili, tukaacha juma moja na zaidi kabla ya kufua. Rangi ilibaki, si nyekundu tena, ni kama tofali lililozeeka. Kwa pazia au mfuko tunaipenda. Kwa foronya hapana, na hatungeahidi klienti kwamba itakaa miaka.

Lakini kuna rangi ambazo zisiingie nyumbani, na hapa hatucheki. Katika cité za wachimbaji watu wanaona maji ya buluu ya kazini, wanaona jiwe la kijani la malakita, na wazo linakuja: rangi ya bure. Maji yale ya buluu yana shaba ndani yake pamoja na asidi. Hayashiki juu ya pamba, ukifua yanaondoka. Lakini yanabaki ni sumu kwa mikono, kwa kisima, kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Na malakita ukiisaga, ule vumbi unaingia katika mapafu, ya kwako na ya yule mtoto aliyelala mgongoni.

Kisha bidoni. Bidoni za viwandani zinauzwa sokoni bei ndogo, na ni kubwa, zinafaa kwa kuloweka nguo. Tunasema: hapana. Mchimbaji aliyefanya kazi pale wanapoyeyusha shaba na asidi anajua namna kombinezo ya pamba inavyotobolewa na matone madogo ambayo hakuyaona. Asidi inakula pamba. Ikibaki kidogo tu katika nyufa za bidoni, itakula kitambaa chako pole pole, na kabla ya kitambaa itakula ngozi ya mikono. Dawa nyingine za kusafisha madini ni mbaya zaidi, na hazina harufu inayokuonya kila wakati. Mama mmoja wa Likasi alitusimulia kwamba aliosha bidoni mara 3 na sabuni, na bado mikono ilimwaka mpaka alikwenda kwa munganga. Nunua beseni mpya ndogo. Na beseni ya rangi isipike, isioshe mboga, isirudi jikoni hata siku moja.

Vilevile kuna rangi za kuloweka zinazotaka soda kostike. Wanaozijua wanafanya kazi nje, na glavu, na miwani. Kwa anayeanza, rangi ya maji na muhuri inatosha.

Kukaza rangi ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka, juu ya kitambaa kinaonekana kimekauka na klienti yuko mlangoni. Rangi ya nguo inakazwa na moto. Acha kitambaa kikauke siku nzima. Kigeuze, weka shuka kuukuu kati yake na pasi, na piga pasi ya moto bila maji, polepole, kila sehemu dakika kadhaa kufuatana na maandishi ya kopo. Umeme ukikatika, pasi ya makala inafanya kazi sawasawa, kwa sharti ipulizwe nje kwanza ili majivu yasianguke juu ya nyeupe. Kisha ngoja juma moja kabla ya kufua kwa mara ya kwanza. Kisha fua kipande kimoja cha majaribio, pamoja na kitambaa cheupe kabisa. Kama kile cheupe kinabaki cheupe, uza.

Tulizungumza pia juu ya bei, na hapo wamama hawakukubaliana. Mita 2 za kitambaa chenye upana wa mita 1 na nusu zinatoa vitambaa 4 vya meza, kila kimoja mita 1 kwa sentimita 75. Yule mdogo alikuwa anahesabu kitambaa na rangi tu, anaongeza kidogo, anauza. Wa pili, ambaye bwana wake ni dereva wa lori kwenda Kasumbalesa na ambaye anaandika kila kitu katika kaye, alimwuliza: na makala ya pasi? na uzi? na siku zako mbili? Waliandika yote upya pale mezani. Ilionekana kwamba kwa bei ile ya zamani alikuwa anawalipa majirani ili wachukue vitambaa vyake. Alinyamaza kidogo, halafu akaomba kipande cha karatasi kutoka katika kaye ile.

Jambo la mwisho walilobishana ni alama. Mdogo anapenda maua na mioyo, juu ya yanauzika haraka. Wa pili anasema maua yako dukani kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo, yanafika kwa kontena. Yeye amechonga msalaba wa shaba, ule wa mikono 4 ambao wazee wa Katanga walikuwa wanatumia kama makuta na katika mali ya ndoa, ambao pia ulionekana katika makaburi ya kale ya Sanga, kule ziwa Kisale. Amechonga pia mistari inayovukana, ameiiga katika nguo za rafia za Wakuba wa Kasai, ambapo wanaume wanafuma na wamama wanadarizi. Kitambaa chake chenye misalaba kilinunuliwa na mgeni kabla rangi haijakauka vizuri. Alikataa kumkabidhi mpaka juma lipite, na mgeni alirudi.

Kwaya nayo imerudi kwa Mama Mukubwa. Safari hii ni vilemba 30, na avanse yao ameifunga katika bahasha, hajaigusa. Kilemba kimoja cha majaribio kiko juu ya kamba. Tulipokwenda kuaga, kilikuwa kimefuliwa mara 7, mara mbili katika maji ya moto, na yeye alikuwa anatafuta sabuni kwa mara ya nane.